Mlio wa Saba: Nani Aliwafundisha Wagogo Kuimba?

Wimbo wa Kigogo uitwao msunyunho ukiimbwa bila chombo chochote, sikio lililolelewa na nyimbo za kanisani hushtuka. Sauti ya kwanza na ya pili zinakwenda pamoja, lakini haziendi pale ambapo kinanda kingezipeleka. Iko noti moja, ile ambayo walimu wa kwaya wanaofundisha kwa do-re-mi huiita "ta", ambayo huku Ugogo, kwenye uwanda wa kati wa Tanzania, hukaa chini kidogo kuliko kwenye kinanda, na waimbaji wote huifikia mahali hapo hapo bila kusitasita. Wanawake huirusha sauti kutoka kifuani hadi kichwani na kuirudisha, haraka, mara nyingi katika pumzi moja. Aliyewahi kusikia nyimbo za Wasan wa jangwa la Kalahari, au za Wabambuti wa msitu wa Ituri, atasema hawa ni ndugu.

Undugu huo ndio uliozua mabishano. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wataalamu waliulizana nani alimpa nani: wawindaji wa kale waliokuwa kwenye uwanda wa kati kabla ya Wabantu, mabaharia wa Indonesia, wapagazi wa Kinyamwezi, au wamisionari? Jina lililochelewa sana kutajwa katika mabishano hayo ni la Wagogo wenyewe.

Uzi mmoja na hesabu yake

Historia hii haieleweki bila kuuelewa upinde. Wagogo wanao upinde wa muziki uitwao ndono, wenye uzi mmoja na kibuyu cha kukuzia mlio. Uzi ukipigwa hautoi mlio mmoja tu. Tuseme unatikisika mara 100 kwa sekunde. Ndani ya mlio huo mzito mna milio mingine midogo inayotikisika mara 200, 300, 400 na kuendelea. Mpigaji huwa anasogeza kibuyu kifuani, akikifunga na kukifungua, ili kuiita milio hiyo mmoja mmoja.

Chukua mlio wa nne hadi wa tisa. Wa nne ni do, wa tano mi, wa sita so, wa saba ta, wa nane ni do ya juu, wa tisa re. Noti tano, basi, na hizo tano ndizo msingi wa nyimbo za Kigogo. Ile ta inayowashangaza wageni ni mlio wa saba, ambao kwa maumbile yake uko chini ya ta ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Vinanda vya Ulaya vilipopangwa ili kila ufunguo uweze kuanzisha wimbo, mlio huo ulitupwa nje. Ugogo ulibaki nao.

Sauti ya pili nayo ina kanuni. Mwenzako akiimba noti moja, wewe unaruka moja na kuimba inayofuata: do na so, mi na ta, so na do, ta na re. Mtoto huijua kanuni hii kwa kusimama karibu na dada zake.

Milio ya uzi haina kabila. Kila uzi duniani, uwe wa Dodoma, wa Kalahari au wa Java, unayo milio hiyo hiyo kwa mpangilio huo huo. Watu wawili wasiojuana wanaweza kuikuta noti ile ile kwa sababu wote wawili wameusikiliza upinde. Hoja hii ni nyepesi kuisema, lakini ilichukua miaka mingi kukubaliwa, na wengi wa watu nitakaowataja hapa chini waliipita bila kusimama.

Kabla ya 1800: uwanda wa wageni

Kaskazini ya Dodoma, katika miamba ya Kolo wilayani Kondoa, kuna michoro ya kale ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanyama, watu warefu wembamba, mikono iliyoinuliwa. Waliochora walikuwa wawindaji. Magharibi ya hapo wanaishi Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko kama lugha za Wasan wa kusini mwa Afrika. Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, nao wana vidoko.

Wawindaji hao walifuatwa na wafugaji na wakulima wa Kikushi, ambao Waburunge na Waalagwa wa leo ni wa jamii yao. Wabantu walikuja na jembe. Wadatoga, wanaoitwa pia Wataturu, walishuka na ng'ombe, na baada yao Wamasai. Uwanda huu una masika moja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haitoshi mara nyingi. Anayeishi hapa huhama, huoa kwa jirani, hukopa ng'ombe, hupokea wakimbizi.

Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo tunayemjua zaidi kwa mashairi na ngonjera zake, aliliona hilo kuliko msomi yeyote wa Ulaya wa zama zake. Katika kitabu chake cha 1954 kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, alieleza watu walioundwa na koo zilizotoka pande nyingi: Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko. Kwa maelezo hayo, Mgogo ni mtu aliyefika, akakaa, akalima na kufuga hapa, akawa Mgogo. Nimekisoma kitabu hicho kama jibu la mapema kwa swali la muziki pia, ingawa Mnyampala hakukusudia hivyo. Watu ambao kila ukoo wao una njia yake ya kuja hawawezi kuwa na wimbo wenye mlango mmoja.

1857 hadi 1920: misafara, reli na njaa

Karne ya 19 ilipitisha nusu ya Afrika Mashariki katikati ya Ugogo. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza hapa, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliotaka maji na ruhusa ya kupita. Richard Burton na John Speke walipita katika safari yao iliyoanza mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akilalamika kuhusu hongo kutoka kijiji hadi kijiji. Malalamiko ya wazungu hao yamechapishwa mara nyingi. Lililopita kimya ni kwamba misafara mikubwa ilikuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu waliotembea wakiimba na kulala wakicheza ngoma.

Burton anataja zeze miongoni mwa vyombo alivyovikuta njiani, na zeze ni mfano mzuri wa mambo yanavyochanganyika. Pwani na Unyamwezini, zeze ni fimbo bapa yenye nyuzi na kibuyu, ndugu wa chombo kinachopigwa Madagaska na visiwa vya Indonesia. Ugogo, zeze ni chombo kinachosuguliwa kwa uta, na ukoo wake unaelekea zaidi kwa marababa ya Waarabu. Umbo lilikuja kutoka mbali. Lakini msikilize Mgogo akilipiga: noti anazozitafuta ni zile tano za ndono, mlio wa saba ukiwamo. Chombo kilipofika kilifundishwa kuimba kama wenyeji.

Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876. Vitabu vya nyimbo vikatafsiriwa, tuni zikabaki za Uingereza. Kwa miongo mingi ngoma za jadi zilikaa nje ya mlango wa kanisa, hasa muheme, ngoma ya wanawake iliyofungamana na jando na unyago. Mtu anaweza kudhani kwamba kuimba sauti mbili na tatu kulitoka katika tenzi hizo. Dhana hiyo haisimami. Tenzi zilikuja na fa na la, noti ambazo nyimbo za kale za Kigogo hazizitumii, na hazikuja na mlio wa saba. Kama kanisa lingekuwa mwalimu, mwanafunzi asingekataa nusu ya somo.

Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, mvua ikakosekana, na kuanzia 1917 hadi 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma peke yake. Waliosalia walitawanyika, wakaenda kwa jamaa na kwa wasio jamaa, na wengine wakarudi baada ya miaka. Ninaitaja njaa hii katika historia ya muziki kwa sababu nyimbo hukaa vichwani mwa watu, na kijiji kikipoteza wazee wake hupoteza pia walioshika sauti ya chini. Kwamba namna hii ya kuimba ilivuka Mtunya ikiwa nzima ni ushahidi wa jinsi ilivyokuwa imeenea: haikutegemea fundi mmoja wala ukoo mmoja.

1909 hadi 1964: nadharia zinazotoka mbali

Wakati huo Berlin kulikuwa na ghala la sauti lililoanzishwa mwaka 1900, lililojaa mirija ya nta kutoka makoloni. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel aliandika kuhusu nyimbo za Wanyamwezi, majirani wa Wagogo, bila kufika Tabora. Ndivyo kazi ilivyofanyika: sauti ilisafiri, mchambuzi akakaa ofisini.

Percival Kirby, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alikuwa tofauti. Kitabu chake kikubwa cha 1934 kuhusu vyombo vya muziki vya Afrika Kusini kiliupa upinde nafasi yake. Kirby alijifunza kupiga pinde hizo mwenyewe, akaonyesha jinsi sauti za pamoja za Wasan na za baadhi ya Wabantu zinavyotoka katika milio ya uzi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na maelezo yasiyohitaji mgeni kutoka nje ya bara.

Mwaka 1950 Hugh Tracey aliizunguka Tanganyika na gari lake la kunasia sauti. Alirekodi Wahehe, Wahaya, Wanyamwezi, na Wagogo pia: marimba za mkono, zeze, nyimbo za vikundi. Kanda zake ziko hadi leo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha, ambayo leo iko Makhanda, mji ulioitwa zamani Grahamstown. Tangu hapo mtu wa Vienna au London angeweza kumsikia Mgogo.

Kisha ikaja nadharia iliyofika mbali kuliko zote. A. M. Jones, mmisionari aliyeishi Zambia kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1964 kitabu kilichodai kwamba marimba za Afrika na namna zake za kupangwa zilitoka Indonesia kwa njia ya bahari. Hoja yake ilisimama juu ya vipimo: baadhi ya marimba za Afrika zina noti zilizoachana kwa umbali ulio sawa, kama zile za Java. Ni kazi ya juhudi, na uhusiano wa Madagaska na Indonesia ni jambo la kweli kabisa. Lakini ipeleke hoja hiyo Ugogo ianguke. Ilimba, marimba ya mkono ya Kigogo, haikupangwa kwa umbali sawa hata kidogo. Kutoka so kwenda ta ni hatua kubwa, kutoka do kwenda re ni ndogo, kama ilivyo kwenye uzi. Jones alikuwa na ufunguo uliofungua nyumba nyingine.

1968: Wasandawe waingizwa shaurini

Gerhard Kubik, Mwaustria, alianza safari zake Afrika Mashariki akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1950. Alirekodi, alijifunza kupiga, na mwaka 1968 akachapisha Vienna kitabu kuhusu uimbaji wa sauti nyingi Afrika ya Kati na Mashariki. Ni yeye aliyeieleza kanuni ya kuruka noti moja, na ni yeye aliyeweka wazi kwamba Wagogo wanatumia milio ya uzi hadi ule wa tisa. Kwa hili anatudai shukrani.

Kubik pia alitoa dokezo ambalo limekuwa kiini cha ubishi wote wa baadaye. Kwa kuwa Wagogo wanaishi jirani na Wasandawe, na kwa kuwa uwanda wa kati ulikuwa wa wawindaji kabla ya kuwa wa wakulima, huenda Wagogo waliurithi mfumo huu kutoka kwa watu wa jamii ya Wasan waliowakuta. Dokezo hilo lilisemwa kwa tahadhari. Walioliazima walilisema kwa uhakika.

Linavutia, na lina mantiki ya ardhi. Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe, alikuwa ameandika mwaka 1963 kuhusu vyombo vyao vya muziki, pinde zikiwamo. Watu hawa wawili wameoana, wamepigana na kuuziana asali kwa vizazi. Kwamba hawakubadilishana nyimbo ni jambo gumu kuamini.

Lakini mnyororo kutoka Sandawe hadi Kalahari umelegea kila mahali ulipovutwa. Mwanaisimu Joseph Greenberg alikuwa amezikusanya lugha zote za vidoko katika familia moja. Wanaisimu wengi wa leo hawaikubali, na Kihadza wanakiweka peke yake. Utafiti wa vinasaba ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba Wahadzabe na Wasandawe waliachana na Wasan wa kusini makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Wimbo unaodaiwa kuvuka muda wote huo bila kubadilika unahitaji ushahidi mzito kuliko kufanana kwa masikio.

Muziki wenyewe unatoa ushahidi wa upande wa pili, na umo katika kazi ya Kubik huyo huyo. Wasan hupata noti zao kwa kutumia milio miwili ya msingi kutoka katika upinde mmoja, na hawapandi juu sana katika kila mmoja. Wagogo hutumia msingi mmoja na kuupanda hadi wa tisa. Mwishoni wote wanaimba noti nne au tano zinazopendeza pamoja, lakini mmoja alifika kwa ngazi mbili fupi na mwingine kwa ngazi moja ndefu.

1967 hadi 2003: wimbo unapewa taifa

Wasomi walipokuwa wakibishana, Tanzania ilikuwa na haraka nyingine. Baada ya Azimio la Arusha, ngoma za jadi zilitakiwa kuwa za taifa. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, na koo zilizokuwa zikiishi mbalimbali zikajikuta zina uwanja mmoja wa ngoma. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Muheme ulitoka unyagoni ukaingia kwenye mapokezi ya viongozi, na baadaye ukaingia hata kanisani.

Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doma, alikuwa ameitwa na Nyerere akaishi Dar es Salaam, kisha akafundisha Bagamoyo ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Aliichukua ilimba na kuikuza, akiiongezea meno mpaka ikawa chombo kikubwa cha kukalia nacho jukwaani. Sauti yake ilipanda na kushuka kwa upana ambao wasikilizaji wa Ulaya na Japani hawakuwahi kuusikia kwa mwanamume mmoja. Albamu yake Chibite ilitoka mwaka 1996 kwa kampuni ya Peter Gabriel, Real World. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Zawose anatakiwa awe na nafasi kubwa katika shauri hili, na hajapewa. Mbele ya macho ya dunia, mtu mmoja wa Ugogo alibadilisha ukubwa wa chombo, akatunga nyimbo mpya, akachanganya zeze na filimbi na njuga, na mfumo wa noti ukabaki imara mikononi mwake. Kama fundi mmoja aliweza hayo kwa miaka 30, kwa nini tuwaone mababu zake kuwa watu waliopokea tu?

Tangu 1995: kusikiliza upya

Mhispania Polo Vallejo alianza kwenda kijiji cha Nzali katikati ya miaka ya 1990 na aliendelea kurudi. Kitabu chake cha 2004 kinahusu nyimbo za watoto wa Kigogo. Katika michezo yao watoto hao wanaimba kwa noti zile zile za wakubwa, kabla ya yeyote kuwapa upinde au marimba. Mfumo unapitia mdomoni na sikioni. Chombo kinauthibitisha tu.

Mwaka 1999 Emmanuelle Olivier na Susanne Fürniss walilinganisha muziki wa Wasan wa Namibia na ule wa Wambilikimo wa Aka, Afrika ya Kati. Tangu miaka ya 1950 rekodi za watu hao wawili zilikuwa zimewekwa kwenye sahani moja kama uthibitisho wa asili moja, na mtafiti Mmarekani Alan Lomax alijenga juu ya kufanana huko nadharia ya dunia nzima. Wanawake hawa wawili waliwauliza waimbaji wanafikiri nini wanapoimba. Waaka wanafikiri kwa sehemu nne, kila moja na jina lake. Wasan wanafikiri wimbo mmoja ambao kila mtu anaupinda kwa njia yake. Matokeo yanafanana masikioni mwa mgeni, na vichwani mwa wenyewe ni vitu viwili. Ninaamini pigo hilo kwa nadharia ya asili moja lilikuwa kubwa kuliko lile la vinasaba.

Na Wagogo nao sasa wanaandika. Kedmon Mapana, Mgogo aliyesomea na kufundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ameandika kuhusu mabadiliko ya muheme na ameanzisha Chamwino tamasha la muziki wa Cigogo ambalo tangu 2009 hukusanya vikundi vya vijiji. Hapo msikilizaji hupata jambo ambalo hakuna kanda ya Tracey inayoweza kumpa: kundi la Mpwapwa na kundi la Bahi, moja baada ya jingine siku hiyo hiyo, yakitofautiana katika mwendo, katika kuingia kwa sauti ya chini, katika kiasi cha kurusha sauti. Asiyezisikia tofauti hizo hana haki ya kulinganisha Ugogo na Kalahari.

Kwa hiyo mizani yangu imelala upande huu: namna hii ya kuimba ilijengwa kwenye uwanda wa kati, na watu wa koo nyingi, kutokana na uzi ambao kila mmoja wao alikuwa nao. Wasandawe na mababu zao waliweka mkono wao, na ninaona ni mkono mkubwa. Hilo la mwisho linapimika. Kanda za zamani ziko Makhanda, Berlin na Vienna. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko mwendo wa saa chache kwa gari kutoka kwa Wasandawe na mwendo mfupi zaidi kutoka Chamwino. Pinde za pande zote mbili zipimwe mlio kwa mlio, na wapigaji waulizwe wanausikia wapi ule wa saba.